Kwenye Meza ya Watu Sita

Nilipangiwa Kintinku nikiwa na miaka ishirini na sita, na begi moja la nguo na kompyuta mpakato ya mtumba niliyoinunua nikiwa chuoni. Nilikwenda kufundisha hisabati. Nyumba ya walimu niliyopewa ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Chumba cha pili alikuwamo mwalimu wa Kiswahili, mtu wa makamo kutoka Iramba, ambaye mke na watoto wake walibaki Kiomboi kwa sababu ya mashamba. Alinizidi miaka kama kumi na minane. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo uani, naye akaitikia marahaba huku ana mswaki mdomoni. Baada ya hapo siku nzima tuliitana Mwalimu tu, mimi kwake na yeye kwangu.

Nilifika pale tayari nina ugonjwa wangu. Chuoni nilikuwa nimeanza kucheza poka kwenye mtandao, kwa dau dogo sana. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa karata ambao kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu karata tano zinafunuliwa katikati hatua kwa hatua, zinatumika na wote. Kila hatua watu wanaweka dau. Anayetaka anaongeza, au analipia dau la mwenzake ili aendelee; asiyetaka anatupa karata zake na kukaa pembeni. Mwisho mwenye karata nzuri anachukua fungu lote. Lakini kama wenzake wote wametupa, anachukua bila hata kuonyesha alichonacho mkononi, na hapo kwenye kuchukua bila kuonyesha ndipo mchezo wenyewe ulipo.

Mama yangu kule Ikungi angejua, angesema neno moja tu, kamari, na sijui kama angenitazama tena vizuri baada ya swala. Mimi nilijiambia kwamba hii ni hisabati. Nilikuwa na daftari la mraba la kurasa mia moja na kitu, na ndani yake kulikuwa na majedwali mengi kuliko ya maandalio yangu ya masomo.

Nilikuwa nimeanzia kwenye meza za watu tisa. Kule nilifundishwa na hasara kwamba uvumilivu unalipa: unatupa, unatupa, unatupa, ukipata karata nzuri unacheza. Nilipohamia meza za watu sita uvumilivu uleule ukanimaliza. Watu wakiwa wachache, zamu yako ya kuweka dau la lazima inarudi haraka, na wewe umekaa unasubiri esi mbili, karata kubwa kuliko zote, ambazo haziji. Ikabidi nijifunze upya. Nilijifunza kucheza karata za wastani, hasa nikiwa kwenye kiti cha mwisho, ambapo unaona wenzako wote wamefanya nini kabla hujafanya lako. Nilijifunza pia kwamba kwenye meza ndogo unakutana na mtu yuleyule mara kwa mara kwa saa nzima, kwa hiyo unachocheza hasa ni tabia yake. Karata zinakuja baadaye.

Mwalimu wa Kiswahili alinikuta siku moja mchana, wanafunzi wakiwa kwenye kilimo, nimekaa karibu na dirisha la sebuleni kwa sababu ndipo mtandao ulipopatikana. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, chai mkononi.

"Huyu hapa kwa nini katupa?" akauliza.

"Ameogopa."

"Umejuaje kwamba ataogopa?"

Nikamweleza. Alivuta kiti. Mpaka kengele ya jioni inagongwa alikuwa bado anauliza, na maswali yake hayakuwa ya karata. Alitaka kujua huyu wa kushoto ni mtu wa namna gani, na yule anayeongeza kila mara anatafuta nini. Alisoma meza kama anavyosoma insha.

"Nifundishe, Mwalimu," akasema. "Hapa mchana ni mrefu, na mimi bao silipendi."

Nilimfundisha. Tuliokota visoda kwenye genge la karibu na stesheni, tukaviosha, tukavifanya kuwa fedha zetu. Tuligawana karata sakafuni na kucheza nafasi za watu sita, kila mmoja watatu. Nilimwonyesha kwa visoda kwamba mtu akiweka dau linalolingana na fungu lililoko katikati, na wewe ukawa unatupa karata zaidi ya nusu ya mara zote, basi anakula bure. Hahitaji hata karata. Aliirudia hesabu ile mwenyewe mara tatu, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili, halafu akacheka.

"Kumbe uoga una bei yake, na inajulikana!"

Baada ya miezi michache akafungua jina lake mwenyewe mtandaoni, jina la ndege fulani kwa Kinyiramba, akaanza na dau dogo kuliko yote. Tukajiwekea utaratibu. Kila Jumamosi alasiri tunapitia michezo ya wiki, na kila mmoja anasema pale alipokosea bila kupamba. Na sharti lingine: tusikae meza moja kamwe. Kanuni za mchezo zinakataza marafiki kusaidiana mezani, na hata zisingekataza, sisi tulikuwa tunajuana mno. Tukikutana kwa bahati mbaya, mmoja anaondoka papo hapo. Meza hizi za fedha mtu anaondoka wakati wowote anaotaka, kwa hiyo lilikuwa sharti jepesi.

Alikuwa mchezaji mzuri kuliko nilivyotarajia, ila alikuwa na kasoro moja, na niliiona mapema. Karata ya tano ikishafunuliwa, mtu akiweka dau kubwa, yeye alitupa. Hata akiwa na karata nzuri alitupa. Nilimwonyesha kwenye daftari mara kumi na moja katika wiki mbili.

"Najua," akasema.

"Kama unajua, kwa nini?"

Alikuwa anapanga visoda vitatu vitatu. Kisha akanieleza kwamba baba yao alipofariki, yeye na kaka yake waligombea kipande cha shamba. Kaka yake alimbana, akasema hiki ni changu, na yeye akakataa kuachia. Akampeleka kaka yake kwenye baraza la ardhi, akashinda. Kaka yake akafunga nguo zake akaelekea Tabora, hakuaga mtu, na miaka minne baadaye zilikuja habari kwamba amezikwa hukohuko.

"Tangu hapo, mtu akinibana mpaka mwisho, mimi naachia," akasema. "Ninajua hesabu yako, Mwalimu. Lakini mkono unatupa wenyewe."

Ningekaa kimya. Ningemwambia pole. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nina dawa ya kila kitu kwenye daftari la mraba. "Tutaitibu," nikasema, na mbele yake nikaandika: *akibanwa mwisho, anaachia*. Alitazama nikiandika, akaitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu aliyempa daktari mkono wake.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kiomboi. Nilikwenda ugenini kwangu, lakini nyumbani kwake. Alimpigia mke wake simu kabla sijapanda basi, na nilipofika nilikuta nimetafutiwa chumba cha kupanga na ndoo ya maji imejazwa. Kila Jumapili nilikula kwao. Shemeji alipika ugali wa mtama na kuku, na kila kuku alipotakiwa kuchinjwa aliniita mimi Mwislamu nimchinje mwenyewe, ili nisile kwa mashaka. Watoto waliniita baba mdogo. Jumamosi alasiri mwenyewe alinipigia kutoka Kintinku, tukapitia michezo kwenye simu kama zamani.

Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba nilikuwa nimepanda kwenye meza za dau kubwa, na nilikuwa napigwa. Watu wa kule walikuwa wananisoma kama mimi nilivyowasoma wa chini. Nilifunga jina langu la zamani, nikafungua jipya ili wasinitambue, na nikaporomoka nalo hilohilo. Mwishowe nikarudi chini kabisa, kwenye meza za dau dogo, kujikusanya upya. Nilikuwa na aibu. Kwenye simu niliendelea kumfundisha kwa sauti ya mtu anayeshinda.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa nane mchana. Nikaketi kwenye meza ya watu sita, nikatazama majina, na mara moja kulia kwangu nikaona jina la ndege. Maana yake kila atakachofanya, nitakiona kabla ya kufanya changu. Hakuna kiti kizuri zaidi ya hicho. Na yeye jina langu jipya hakulijua.

Nilijiambia nitazunguka mara moja tu, niondoke. Nilitaka nione amekua kiasi gani. Mzunguko wa kwanza alicheza vizuri sana, na nikajisikia fahari, kweli kabisa. Mzunguko wa pili tukabaki wawili. Karata ya tano ikafunuliwa. Sikuwa na kitu. Niliweka dau sawa na fungu la katikati, nikangoja, na nikaona karata zake zinaondoka mezani.

Sikuondoka. Nilirudia. Sikufanya kila mara, maana ningefanya kila mara angeshtuka. Nilifanya kwa kipimo, kama tulivyopanga visoda. Mara nyingine nilikuwa na karata, mara nyingi sikuwa nazo. Alitupa, akatupa.

Kisha umeme ukakatika Kiomboi nzima. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani, haikai hata dakika moja bila waya, kwa hiyo kioo kikazima hapohapo. Nilibaki nimekaa kwenye chumba chenye joto, nasikia redio za majirani nazo zimenyamaza. Ningeamka nikaenda msikitini, alasiri ilikuwa imekaribia. Nafikiria dakika zile kuliko kitu kingine chochote. Mungu alikuwa amenizimia taa kwa mkono wake. Mimi nilikaa kitandani nikasubiri umeme urudi, na uliporudi nikaingia tena, nikakuta kiti changu bado kipo, na yeye bado yupo.

Mchezo wa mwisho aliingia na kila alichokuwa nacho mezani isipokuwa kidogo. Niliona kwa jinsi alivyoongeza dau kwamba safari hii ana karata kubwa. Karata ya tano ilikuwa kopa, na kulikuwa na kopa nyingine tatu mezani; mwenye kopa moja tu mkononi angefikisha tano za aina moja, ambazo zinashinda karibu kila kitu. Mimi sikuwa na kopa hata moja. Nikaweka vyote. Alifikiri mpaka muda wake ukakaribia kwisha. Halafu akatupa.

Saa kumi na moja simu ikaita.

"Mwalimu, leo nimekutana na mtu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Mtu huyu ananijua."

"Anakujuaje?"

"Ananibana mwisho tu. Kwingine kote ananiacha." Akanisomea michezo yote, mmoja baada ya mwingine, alikuwa ameiandika kama nilivyomfundisha. Alipofika ule wa mwisho akasema alikuwa na esi tatu. "Nilipaswa kulipia, Mwalimu?"

Jibu nililijua. Kwa fungu lile, na kwa mtu aliyekwisha kumbana mara nyingi vile, alipaswa kulipia bila kufikiri.

"Hapana," nikasema. "Kopa nne mezani? Ulifanya sawa kutupa."

Nikasikia treni ya mizigo inapita upande wake.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ni bahati mbaya tu. Mtu kama huyo anakuwa na karata."

"Haya," akasema. "Kesho uende ukale. Mama watoto amesema atapika mlenda."

Nilikwenda nikala. Shemeji aliniuliza mbona siongezi.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa Mwalimu akaja likizo. Aliniita niende tusaidiane kupura alizeti. Tulikaa uani juu ya turubai, kila mmoja na fimbo yake, tunapiga vichwa vya alizeti na mbegu zinamwagika. Upepo ulikuwa mzuri wa kupepetea. Tulifanya kazi labda nusu saa, tukiongea habari za mitihani na bei ya mafuta. Kisha akasema, bila kuacha kupiga:

"Mimi nimesahihisha insha miaka ishirini na mbili. Mwanafunzi anaweza kubadilisha jina juu ya karatasi. Mwandiko haubadiliki."

Fimbo yangu ilisimama.

"Watu wote wakiweka dau wanaweka namba nzima," akaendelea. "Tano, kumi, ishirini. Mtu mmoja tu namjua anaweka hesabu ilivyotoka, mpaka na senti zake, kwa sababu hawezi kuandika jibu ambalo si sahihi. Nikasema labda wapo wengine. Halafu Mama watoto akanipigia, nikiwa palepale mezani, kuniambia umeme umekatika hapa. Nikatazama, yule mtu kapotea. Baadaye akanitumia ujumbe kwamba umeme umerudi. Na mtu naye akarudi."

"Mwalimu," nikasema.

"Nilipokupigia nilikuwa najua."

Nilijaribu kusema nitamrudishia fedha. Nilitaja kiasi, nikaanza hata kutoa simu mfukoni. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea, na nikairudisha.

"Hiyo ni dau, nilikaa mwenyewe. Sikuidai." Akakung'uta kichwa cha alizeti, akakitupa pembeni. "Hata kunibana, Mwalimu, ningesema ni ujana, umeona mlango uko wazi ukaingia. Lakini nilikuuliza kama mwalimu wangu. Nikakuuliza mara mbili. Ukanifundisha uongo, ili mlango uendelee kuwa wazi."

Nilisema naomba unisamehe, na akasema amesikia. Tukaendelea kupura mpaka turubai likajaa. Shemeji akatuita kula, tukanawa kwenye beseni moja, tukala. Hakumwambia. Najua hakumwambia mkewe kwa sababu shemeji alinifungia mafuta kwenye chupa niondoke nayo, kama siku zote.

Jumamosi iliyofuata simu haikuita. Wala iliyofuata. Jina la ndege sikuliona tena kwenye meza yoyote. Mimi niliendelea kucheza karibu mwaka mzima baada ya pale, na ni vibaya kusema, lakini nilicheza vizuri. Niliacha bila tukio lolote. Siku moja kompyuta iliharibika na sikuipeleka kwa fundi. Kwenda kula Jumapili nilikuwa nimeacha kabla ya hapo, kidogo kidogo, kwa visingizio vya kusahihisha na vya safari. Shemeji akinikuta njiani alisema, "Umetupotea, baba mdogo," nami nikasema nitakuja.

Baadaye yeye alihamishiwa Kilimatinde. Nilikwenda kumwona huko, nilikata shauri nikapanda basi mpaka Manyoni, na kutoka pale bodaboda ikanipandisha mlima. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta nje ya nyumba ya walimu anakaza waya wa kuanikia nguo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanikaribisha kiti kizuri. Nikayasema maneno yangu yote, safari hii bila kutafuta simu mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona nilishakusamehe siku nyingi," akasema. "Usijitese, Mwalimu."

Nilimwamini, na bado namwamini. Tulikunywa chai. Nikamuuliza habari za kazi, akasema nzuri. Habari za afya, akasema nzuri, tunamshukuru Mungu. Nikamuuliza kama anapata usingizi wa mchana, akacheka, akasema siku hizi hapana. Aliniuliza habari za mama yangu, akataja hata jina la kijiji chetu, hakusahau kitu. Saa tisa akanisindikiza mpaka pale bodaboda zinapokaa, akamwambia dereva aende taratibu, mteremko ni mbaya.

Wiki mbili baada ya pale nilikutana na shemeji sokoni Kiomboi, anachagua vitunguu. Alifurahi kuniona. Akasema amesikia nilifika Kilimatinde, na kwamba nimefanya vizuri sana, kwa sababu mgonjwa akitembelewa anapata nguvu.

"Mgonjwa?" nikasema.

Alinitazama kwa mshangao, kitunguu mkononi. Akaniambia ni jicho la kushoto, limekuwa likififia tangu mwaka juzi, na la kulia nalo limeanza. Alikuwa amekwisha kwenda hospitali mara tatu. Siku ile niliyokwenda alikuwa ameambiwa na daktari asubuhi yake kwamba huenda asisahihishe tena mitihani.

"Hakukuambia?" akauliza. "Wewe?"

Nikasema labda alisahau. Nikamshikia kikapu akamalizia kuchagua, tukatembea pamoja mpaka njia panda ya kwao.